Maji Hayamuui Farasi Mwenye Joto

Kaskazi ikishashika, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana pwani hufika nyuzi 32 au 33, na hewa hujaa mvuke wa bahari hata nguo iliyoanikwa usiku huamka mbichi. Ndiyo miezi ambayo wageni wamejaa ufukweni, farasi na poni wa kupandisha watalii na watoto hawapumziki, na punda wa Lamu wako njiani tangu alfajiri na mashogi ya mchanga. Na ndiyo miezi ambayo utasikia makatazo yale yale kutoka kwa wenye wanyama na masaisi wao: usimmwagie maji baridi, usimnyweshe kabla hajapoa, usihangaike na punda kwani yeye ni wa jangwani.

Kinachoniuma ni kwamba makatazo haya husemwa kwa mapenzi. Anayemnyima farasi maji mara nyingi ni yule yule anayeamka saa kumi za usiku kumtazama. Nitayachukua moja baada ya jingine. Mengi si kweli, machache yana chembe ya ukweli iliyopotoshwa, na yakiaminiwa yote kwa pamoja, mnyama huishia kusimama juani akitweta na pipa la maji liko hatua chache tu kutoka alipo.

Tuanze na chanzo cha joto lenyewe, maana wengi hudhani ni jua peke yake. Jua linachangia, lakini moto mkubwa hutoka ndani. Msuli unapofanya kazi, takriban robo tu ya nguvu ya chakula hugeuka kuwa mwendo. Robo tatu zote ni joto. Farasi ni misuli mitupu, na ngozi yake ni ndogo ukiilinganisha na uzito wake. Binadamu ana mita moja ya mraba ya ngozi kwa kila kilo 40 hivi za mwili. Farasi ana mita hiyo moja kwa kila kilo 100. Kwa hiyo farasi na mpandaji wakirudi pamoja kutoka mbioni, aliyepanda joto zaidi ni farasi, hata kama anayelalamika ni mpandaji.

Njia yake kubwa ya kujipoza ni jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kutosha kumshusha farasi wa kilo 450 kwa nyuzi moja na nusu. Lita hiyo hiyo ikidondoka mchangani, imepotea bure. Farasi anayefanya kazi ngumu kwenye joto anaweza kutoa lita 10 hadi 15 kwa saa, na katika hewa ya Mombasa ya mwezi wa Februari, iliyokwisha kushiba unyevu, sehemu kubwa ya hizo hudondoka. Mnyama anapoteza maji na chumvi, wala hapoi. Hapo ndipo ndoo ya maji inapohitajika, na hapo ndipo katazo la kwanza linapoingilia kati.

«Ukimmwagia maji baridi farasi mwenye joto, misuli itakaza, mapafu yataugua, na moyo unaweza kusimama»

Hili ndilo kongwe na ndilo linaloua zaidi. Asili yake ni mazizi ya nchi za baridi. Anna Sewell, Mwingereza, alitia hofu ya aina hiyo katika riwaya yake ya Black Beauty ya mwaka 1877: farasi anarudi usiku akiwa ameloa jasho baada ya kukimbizwa kumwita daktari, kijana wa zizi anampa ndoo ya maji baridi anywe na kumwacha bila blanketi, na farasi anaugua mapafu hadi kukaribia kufa. Vizazi vya wapenda farasi vimekua na kisa hicho. Hofu hiyo ina maana katika usiku wa Uingereza, pale baridi yenyewe ni adui. Inaweza kuwa na maana hata Gilgil au Nanyuki saa tano za usiku, kwa farasi mzee aliyekonda. Malindi saa saba mchana haina maana yoyote.

Tena suala hili halikuachwa kwenye hadithi. Kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996, dunia ya farasi ilikuwa na wasiwasi mkubwa. Mashindano yangefanyika Conyers, Georgia, katikati ya kiangazi chenye joto na unyevu ambao hauko mbali sana na wetu, na miaka minne kabla yake, Barcelona, farasi waliteseka kwa joto katika mbio za mashambani. Watafiti wa Uingereza na Amerika Kaskazini, akiwemo mwanafiziolojia David Marlin aliyekuwa Newmarket, waliwafanyisha farasi kazi kwenye joto, wakawamwagia maji baridi mwili mzima, wakawatembeza kidogo, wakawamwagia tena, huku wakipima joto la mwili, mapigo ya moyo na hali ya misuli. Farasi waliomwagiwa walipoa upesi kuliko walioachwa, na misuli yao haikuharibika. Atlanta ikaendeshwa kwa maji ya barafu na feni za ukungu. Tokyo, mwaka 2021, mbio za mashambani zilianza kabla ya saa mbili asubuhi, na farasi alipovuka mstari alikutana na watu wenye ndoo za maji ya barafu. Wale ni farasi wa thamani kubwa kuliko nyumba zetu, na wenyewe wasingekubali wachezewe.

Nieleze kwa hesabu, kwa sababu hesabu inaonyesha kosa la pili linalojificha nyuma ya lile la kwanza: hata wanaokubali kumwagia, humwagia kidogo mno. Kumshusha farasi wa kilo 450 kwa nyuzi moja kunahitaji kuondoa joto ambalo lingepasha lita 37 za maji kwa nyuzi kumi. Yaani karibu ndoo mbili kubwa za lita 20 zimwagike, na kila tone liondoke na nyuzi kumi za joto, ndipo farasi ashuke nyuzi moja tu. Maji ya bomba la pwani, ambayo yenyewe ni vuguvugu, hayawezi kubeba kiasi hicho kila tone. Kwa hiyo utahitaji zaidi, au utupe barafu ndani. Kata moja juu ya shingo na kitambaa kilicholoa usoni ni kumpangusa mnyama vumbi.

Na fanya hivi. Mpeleke kivulini palipo na upepo, mvue tandiko na kila kilicho chini yake, kwa sababu pale mgongoni ndipo joto lilipofungiwa. Mwagia mwili wote: shingo, kifua, mabega, mbavu, makalio, na katikati ya mapaja, pale ambapo povu jeupe la jasho hujikusanya na mishipa imetuna chini ya ngozi. Usianze kwa woga miguuni ukipanda polepole eti azoee. Mapaja na makalio ndiko kuliko na misuli mikubwa, nako ndiko kwenye moto. Kisha weka kiganja chini ya tumbo. Maji yanayodondoka yatakuwa ya moto kuliko uliyoyamwaga. Endelea. Mtembeze hatua kadhaa, hewa ipite, mrudishe, mwagia tena. Maji yanayodondoka tumboni yatakapokuwa sawa na yale ya ndooni, na pumzi imetulia, ndipo uache.

Wapo watakaosema maji matamu ni ghali, na kweli ni ghali, Lamu na Zanzibar pia. Lakini tunazungukwa na bahari. Maji ya bahari yetu huwa kati ya nyuzi 25 na 30, na mwili wa farasi aliyekimbia uko nyuzi 39 au 40. Tofauti hiyo inatosha kabisa kufanya kazi. Mpeleke majini mpaka kifuani, au mchotee kwa dumu. Masharti ni mawili tu: asiyanywe, na chumvi isuuzwe kwa maji matamu kidogo mgongoni na palipo na vidonda kabla ya kumtandika tena, maana chumvi iliyokauka chini ya tandiko huchubua.

«Ukishammwagia, kamua maji upesi, au mfunike taulo bichi»

Kukamua maji kwa mkono au kwa kibao kulifundishwa kwa miaka mingi hata na walimu wazuri. Sababu iliyotolewa ni kwamba maji yaliyobaki kwenye manyoya hupata moto na kumfunika farasi joto. Ni kweli kwamba maji yaliyotulia hupata moto. Dawa yake ni kumwagia mengine, ambayo yatayasukuma yale ya kwanza. Dakika unayotumia kukamua ni dakika ambayo ungekuwa umemwaga ndoo nyingine, na unyevu unaoutoa ndio ambao ungekauka na kupoza kidogo kama kuna upepo.

Taulo bichi ni baya zaidi. Kwa muda mfupi hupoza, kisha huwa moto sawa na mwili, na linaziba njia ya hewa. Nimeona wenye nia njema wakimfunika poni shuka lililoloa kuanzia shingoni hadi mkiani na kumwacha hivyo chini ya mabati. Shuka hilo litolewe.

«Asinywe mpaka apoe, atashikwa na msokoto wa tumbo»

Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake. Hubeba lita 8 hadi 15, na farasi hawezi kutapika. Msokoto wa tumbo huua farasi wengi, hivyo naelewa hofu inatoka wapi. Lakini uchunguzi haujaonyesha kwamba maji anayokunywa farasi mwenye joto ndiyo yanayouleta. Kinyume chake ndicho kilicho wazi: farasi aliyekaukiwa, ambaye chakula kimekwama matumboni kwa kukosa maji, ndiye anayeshikwa na msokoto.

Kuna jambo la ndani zaidi hapa, na ningependa kila saisi alijue. Binadamu akitoka jasho, hutoa maji mengi na chumvi kidogo. Damu yake inabaki na chumvi nyingi, ubongo unashtuka, anasikia kiu. Jasho la farasi lina chumvi nyingi, sawa na damu yake au hata kuzidi. Anapoteza maji na chumvi kwa pamoja, damu haibadiliki sana, na ubongo haushtuki inavyopasa. Farasi anaweza kuwa amepungukiwa na lita 20 na bado akatazama ndoo kama haimhusu. Dakika za kwanza baada ya kazi ndizo ambazo hamu ya kunywa ipo. Ukimzuia nusu saa eti apoe, ukija kumpa ataonja na kuondoka, nawe utasema hakuwa na kiu.

Basi mpe maji mara tu anaposimama, anywe, mmwagie, anywe tena. Chumvi irudishwe kwenye chakula: farasi wa kilo 500 asiyefanya kazi anahitaji gramu 25 hadi 30 za chumvi ya kawaida kwa siku, sawa na vijiko vikubwa viwili, na anayetoka jasho kila siku anahitaji zaidi. Chumvi ya jikoni yatosha. Usimpe chumvi pasipo maji matamu ya kutosha kando yake. Kwa siku, farasi wa kawaida hunywa lita 25 hadi 50, na kwenye joto na kazi kiasi hicho huweza kuongezeka mara mbili, kwa hiyo kama zizi lako lina pipa moja la kugawana farasi wanne, hesabu haijakaa sawa. Pipa liwekwe kivulini, lisuguliwe, lisiote ukungu wa kijani.

«Huyu hatoki jasho, ameshazoea pwani»

Nikisikia sentensi hii huwa naingiwa na hofu ya kweli. Farasi aliyezoea joto hutoka jasho mapema zaidi na vizuri zaidi. Kuzoea kunamchukua wiki mbili hadi tatu za kazi nyepesi inayopandishwa kidogo kidogo. Farasi aliyeletwa kutoka Nairobi, kwenye uwanja wa mbio wa Ngong ulioko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, akashushwa Diani Ijumaa na kupandishwa watalii Jumamosi, hajapewa nafasi hiyo.

Asiyetoka jasho ni mgonjwa. Maradhi hayo yanajulikana tangu enzi za Waingereza kupeleka farasi wa mbio India na nchi nyingine za joto na unyevu: baada ya miezi au miaka, tezi za jasho huchoka na kuacha kuitikia. Manyoya hukauka na kupauka, nywele za paji la uso hupukutika, pumzi huenda mbio hata amesimama, na jasho hubaki kidogo tu chini ya nywele za shingo na katikati ya mapaja. Wenzake wakirudi wameloa, yeye mkavu. Kwa jicho lisilojua anapendeza, hana fujo. Kwa kweli amefungiwa mlango mkuu wa kutolea joto. Hakuna dawa ya uhakika. Kinachosaidia ni kumpumzisha, kumwagia maji mara kwa mara mchana, feni, na ikiwezekana kumrudisha nyanda za baridi, ambako wengi huanza tena kutoka jasho. Mwite daktari wa mifugo, wala usimpandishe mtu mpaka amemwona.

«Farasi wa Kiarabu haumizwi na joto, na punda ni mtoto wa jangwa»

Farasi wa Kiarabu ana ngozi nyembamba, umbo jepesi, na hustahimili joto kuliko farasi wazito wa Ulaya. Hadi hapo nakubali. Lakini waulize wenye farasi hao. Katika mbio za masafa marefu za Oman na Emirati, ambazo hufika kilomita 160, magari ya wasaidizi hukimbia sambamba yakiwa yamesheheni chupa za maji, na mpandaji huzipokea mkononi akiwa mbioni na kummiminia farasi shingoni na mabegani bila kusimama. Mbio huanza alfajiri. Kwenye vituo, daktari hupima moyo, na kwa miaka mingi kanuni ya kimataifa imekuwa kwamba mapigo yashuke hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa; yasiposhuka, farasi ametoka mashindanoni. Waarabu wenyewe hawamwachi farasi wa Kiarabu kwa nasaba yake. Sisi, yule tunayemwita chotara wa Kiarabu kwa sababu ya umbo la pua tumwache kwa nini?

Sasa punda, ambaye mjadala wa farasi humsahau, ingawa kwetu yeye ndiye mwingi. Mababu zake ni punda mwitu wa Afrika, na utafiti wa vinasaba uliotolewa 2022 unaonyesha alifugwa kwa mara ya kwanza upande wetu huu wa Afrika Mashariki na Pembe yapata miaka 7,000 iliyopita. Ana uwezo wa ajabu: anaweza kupoteza maji kiasi ambacho kingemuua farasi, kisha akayarudisha kwa dakika chache akipata kisima. Hilo ndilo watu walilolishika. Lakini kuweza kuvumilia kiu si kutoyahitaji maji. Jangwani hewa ni kavu, jasho hukauka lote, na usiku baridi huingia. Lamu usiku wa Machi hauleti baridi, na jangwani hakukuwa na mtu wa kumbebesha mifuko miwili ya saruji, kilo 100, mnyama mwenye kilo 150 hivi.

Tena punda haonyeshi. Farasi akizidiwa atayumba, atatupa kichwa. Punda atasimama tu, masikio yameshuka, na watu watasema ni mkaidi. Fimbo hufuata. Joto lake la kawaida ni karibu nyuzi 37.1, chini ya la farasi, kwa hiyo nyuzi 38.5, ambazo kwa farasi ni ukingo wa juu wa uzima, kwa punda tayari ni tatizo. Anayempima punda kwa kipimo cha farasi atamwona mzima hali anaumwa. Na punda huchagua maji. Ndoo yenye harufu ya mafuta ya taa au maji ya kisima yenye chumvi atayakataa hata kama amekaukiwa. Tangu 1987 Lamu ina kliniki ya punda ya shirika la The Donkey Sanctuary, inayotibu bila malipo. Hakuna sababu ya mchunga punda wa pale kubahatisha.

Ninachoomba kwa punda si kikubwa. Mizigo ibebwe alfajiri mpaka saa nne, irudi tena mwisho wa alasiri. Mchana avuliwe shogi, kwa sababu shogi tupu nalo ni blanketi. Anyweshwe kila safari, si jioni tu.

«Mwingize bandani mchana, mtoe usiku, basi»

Ushauri huu umejaa katika vitabu vya ufugaji wa farasi vya Ulaya, na huko ni mzuri. Kwetu una sumu ndani yake, na nashangaa jinsi unavyorudiwa bila kufikiri. Kuanzia machweo hadi macheo, hasa baada ya mvua, usubi hutoka, na usubi ndio wanaoeneza homa ya farasi ya Afrika. Virusi vyake huishi kwa pundamilia bila kuwadhuru sana. Punda huugua kidogo au hata asijulikane. Farasi asiye na kinga akiambukizwa, mara nyingi hufa, akiwa amejaa maji mapafuni na povu puani. Kumtoa farasi nje usiku ili apoe, bila chanjo na bila kujali usubi, ni kumtoa kwenye joto na kumpeleka kwenye hatari kubwa zaidi.

Kwa hiyo sisi lazima tufanye kinyume: banda la usiku liwe la baridi. Hapo ndipo ilipo kazi. Mabati yaliyopigwa jua tangu asubuhi hushusha joto juu ya mgongo wa mnyama mpaka jioni. Banda la mabati lenye paa la chini na kuta nzima ni tanuri. Makuti ni bora mara kumi, na asiye na uwezo wa kuezua anaweza kutandaza makuti juu ya mabati. Paa liinuliwe, kuta ziachwe wazi juu, na mwanya uzibwe kwa wavu wenye matundu madogo. Kama umeme upo, feni moja hufanya kazi mbili kwa mpigo: inampoza farasi, na inawafukuza usubi, ambao ni dhaifu wa kuruka na hawawezi upepo. Malishoni atoke jua likishachomoza mpaka saa nne, ashinde kivulini chini ya mwembe au mwarobaini, atoke tena mwisho wa alasiri na arudi kabla ya magharibi. Chanjo ipo; achanjwe kwa ratiba ya daktari.

Mengine nitayapitia haraka. Kwamba «saa kumi jua limepoa» si kweli mwezi wa Februari: mchanga na kuta bado zinarudisha joto lililokusanywa tangu asubuhi. Kwamba farasi mwenye manyoya marefu asinyolewe kwa sababu manyoya humkinga na jua: poni aliyeletwa kutoka nyanda za juu na koti lake zito anyolewe, akae kivulini. Kwamba kutweta ni kawaida: pumzi ya farasi aliyepumzika ni 8 hadi 16 kwa dakika, na ikiwa dakika kumi baada ya kusimama bado anatweta, bado ana moto ndani, hata kama ngozi imeonekana kupoa. Ile ya pua nyeupe kupakwa mafuta ya kujikinga na jua ni kweli. Pua ya waridi huungua.

Kila zizi liwe na kipimajoto. Ni kitu cha bei ndogo na kinamaliza ubishi wote huu. Kifunge uzi wenye kibanio, ubane kwenye mkia, simama ubavuni karibu na paja wala si nyuma yake, kipake mafuta kidogo, kiingize kwenye njia ya haja kubwa na ukishikilie. Farasi mzima ni nyuzi 37.2 hadi 38.5. Baada ya kazi anaweza kupanda mpaka 40, na hiyo haitishi kama inashuka unapommwagia maji. Ikikwama juu ya 40 baada ya robo saa ya kumwagia, au ikifika 41, au akiyumba, akikataa maji, akiwa mkavu huku anatweta, mpigie daktari wa mifugo na usiache kumwagia wakati unamsubiri. Usimpakie garini kwanza. Mpoze hapo hapo alipo.

Wenye mahoteli ya ufukweni ambao wageni wao hufurahia farasi hawa wanaweza kuweka bomba moja na kivuli kimoja nje ya uzio wao. Gharama yake haifiki ya mwavuli wa bwawa. Serikali za kaunti na mabaraza ya miji yanaweza kuliweka hilo kuwa sharti la kibali cha kupandisha watu. Nawe mzazi unayemshika mwanao mkono kumpeleka kwenye poni saa saba mchana, kabla hujatoa pesa uliza maji ya poni yako wapi na alikunywa lini. Mguse shingo. Kama anatweta, au maji hayapo, usimpandishe mtoto, na mwambie mwenye poni sababu.